Zawadi au Deni? Mgodi wa Kibali na Jirani Zake

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kuhusu zawadi hawakutuachia dawa yoyote, na nadhani ni kwa sababu zawadi haina ugonjwa: ukipewa unashukuru, usipopewa unanyamaza, na ukipewa kidogo huna ruhusa ya kuhesabu. Deni lina tabia nyingine. Deni lina tarehe, lina kiasi, lina mdai, na mdai hapigi magoti anapolidai. Katika insha hii nataka kuuliza swali moja: kampuni ya madini inapowajengea shule, kituo cha afya au barabara watu wanaoishi kando ya mgodi wake, je, inatoa zawadi au inalipa deni?

Najua wapo watakaosema hili ni swali la maneno matupu. Mtoto aliyekuwa akisoma chini ya mwembe sasa ana dawati. Mjamzito aliyekuwa akibebwa kwa baiskeli usiku sasa anajifungulia mahali penye taa. Dawati ni dawati, liwe zawadi au liwe deni. Hoja hii ina nguvu na sitaidharau, maana mara nyingi wanaoitoa ni wale wanaolihitaji dawati lenyewe, na wanaoipinga ni sisi tulio na muda wa kuandika insha. Nitairudia huko mbele.

Mfano ninaoutumia ni mgodi wa dhahabu wa Kibali, ulioko Durba katika eneo la Watsa, jimbo la Haut-Uélé, kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wenzangu wanaotoka Kampala au Mbarara huenda wakashangaa kwa nini mtu wa Koboko anaandika habari za Kongo badala ya habari za kwao. Jibu ni kwamba hizi ni habari za kwetu. Kampuni yenyewe, inapowaeleza wawekezaji mgodi uko wapi, husema uko kilomita 150 hivi magharibi ya mji wa mpakani wa Arua. Yaani sisi ndio alama ya njia. Mitambo, mafuta na vipuri hutoka bandari ya Mombasa, hupita Kampala, Karuma, Pakwach na Nebbi, huingia Arua, huvuka forodha ya Vurra, kisha Aru, hadi Durba. Kijana wa Arua anayekaanga rolex kando ya barabara anaujua mgodi huo kwa malori yake, hata kama hajawahi kuvuka mpaka.

Na mpaka wenyewe ni wa juzi. Eneo letu lilikuwa sehemu ya Lado, nchi ambayo Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikodishiwa na Waingereza mwaka 1894. Alifariki Desemba 1909, Lado ikarudishwa upande wa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikaingizwa Uganda, mwaka uleule ambao Arua ilianzishwa kama kituo cha serikali. Walugbara wakabaki wamegawanyika kati ya Arua na Aru. Wakakwa wakagawanywa mara tatu, na hadi leo, pale Salia Musala karibu na Koboko, unaweza kusimama mahali zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Dhahabu ikabaki upande mmoja wa mstari, barabara upande mwingine. Nalisema hili mapema kwa sababu neno "jirani" litatusumbua kabla insha haijaisha.

Dhahabu ya nchi ile si ugunduzi mpya. Migodi ya Kilo na Moto ilianza kuchimbwa na Wabelgiji mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi waliochimba walichimba kwa shuruti, machifu wakitakiwa kutoa vijana. Kibali ni mjukuu wa Moto. Dhahabu ya kwanza ya mgodi wa sasa ilitoka mwaka 2013. Wenye hisa ni Barrick asilimia 45, AngloGold Ashanti asilimia 45, na SOKIMO, kampuni ya serikali ya Kongo, asilimia 10. Mwaka 2019 pekee ulitoa zaidi ya wakia 800,000, na umo miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu barani Afrika.

Ili uchimbaji uanze, zaidi ya familia 4,000 kutoka vijiji 14 zilihamishwa na kujengewa mji mpya uitwao Kokiza, wenye nyumba za matofali, shule na vituo vya afya. Vikajengwa vituo vya umeme wa maji: Nzoro II wa megawati 22, Ambarau wa 10.6 na Azambi wa 10.2. Barabara ya kutoka Aru hadi Durba ikatengenezwa. Mgodi unaisaidia pia Hifadhi ya Taifa ya Garamba, na Juni 2023, kwa msaada wa Barrick, faru weupe 16 walisafirishwa kutoka Afrika Kusini hadi Garamba. Faru nimewataja makusudi.

Orodha ya aina hii ndiyo hujaza kurasa za picha katika taarifa za makampuni ya madini popote duniani, na yote huwekwa chini ya kichwa kimoja: wajibu wa kampuni kwa jamii. Tatizo langu la kwanza liko hapo, katika kutia kila kitu ndani ya kapu moja. Hebu tulimwage.

Tuanze na Kokiza. Mtu alikuwa na nyumba, wewe ukaihitaji ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo, ukamjengea nyumba nyingine. Umempa nini? Tuseme nyumba mpya ni bora kuliko ile ya zamani, matofali badala ya udongo, mabati badala ya nyasi. Ukiigonga baiskeli ya jirani ukamnunulia pikipiki, watu wana haki ya kukusifu kwa ile tofauti ya bei, lakini baiskeli ulikuwa unadaiwa. Tena kuna vitu ambavyo tofauti ya bei haivifikii. Kwetu watu huzikwa nyumbani, karibu na mlango wa nyumba waliyoijenga, na mzee akitaka kukuonyesha kwamba shamba ni lake hakuonyeshi hati, hukuonyesha kaburi la baba yake. Kuhamisha nyumba ni kazi ya fundi. Kuhamisha kaburi, hata kukifanywa kwa heshima zote, hakuna soko linalojua bei yake. Kokiza basi ni fidia, na fidia ni deni. Kuiweka katika orodha ya hisani ni sawa na mpangaji anayelipa kodi ya nyumba kisha akasimama kanisani atangaziwe kuwa ametoa sadaka.

Kuhusu umeme sina maneno mengi ya kimaadili. Vituo vile vilijengwa ili kuendesha mgodi, kwa kuwa dizeli inayotoka Mombasa ni ghali, na mfanyabiashara kupunguza gharama zake si dhambi wala si wema. Nina mshangao tu. Kituo cha Nyagak I, tulichokisubiri West Nile miaka mingi hadi mwaka 2012, kina megawati 3.5, na kwa muda mrefu kiligawana na jenereta kazi ya kuwasha mkoa mzima, mpaka gridi ya taifa ilipotufikia mwaka 2023. Mgodi mmoja umejengewa zaidi ya megawati 42. Nilipojumlisha namba hizo mara ya kwanza nilizijumlisha tena.

Barabara inafanana na umeme, ila hii hata wengine wanapita juu yake, na hapo wazee wa Koboko na Arua wanayo kumbukumbu ya kutusaidia. Kwa miaka mingi zao letu la fedha lilikuwa tumbaku. Tumbaku ya kukaushwa kwa moto inakula kuni, na miti ikaisha. Makampuni ya tumbaku yakagawa miche ya mikalitusi, na hilo likaitwa kuhifadhi mazingira. Mkulima akapanda miti katika shamba lake, akaipalilia kwa jembe lake, akaikata akakaushia tumbaku ambayo kampuni iliinunua kwa bei iliyoipanga yenyewe. Je, mche ule ulikuwa zawadi? Ulikuwa na faida, sikatai. Wengine walijengea nyumba kwa miti ile. Lakini ulikuwa na faida jinsi nyasi anazopewa ng'ombe wa maziwa zilivyo na faida kwa ng'ombe. Mwaka 2015 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku, ikapiga marufuku udhamini wa makampuni hayo. Watunga sheria walikwisha tambua kwamba zawadi nyingine ni tangazo lililovaa nguo za kanisani.

Sasa nipendekeze kipimo. Tukiona mradi wa kampuni, tuulize: haja inayotibiwa na mradi huu ingekuwapo kama mgodi usingekuwapo? Ikiwa haja imeletwa na mgodi wenyewe, kama nyumba kuvunjwa, kisima kukauka, vumbi la magari au ardhi kuchukuliwa, basi ni deni, na jina lake ni fidia. Ikiwa haja ilikuwapo kabla, mambo yanakuwa magumu kidogo, kwa sababu hapo huenda ikawa zawadi, au huenda ikawa kitu cha tatu ambacho nakiita mgao. Nitakieleza.

Lakini kwanza faru. Faru wa Garamba walimalizwa na majangili muda mrefu kabla ya mgodi huu kutoa hata wakia moja. Kwa kipimo changu, kuwarudisha ni zawadi halisi, na ninasema bila kejeli kwamba ni zawadi nzuri. Mtu wa Durba anaweza kuuliza kwa nini faru amepandishwa ndege na yeye bado anatembea kwa miguu. Kama ni zawadi, swali lake halina mahali pa kusimama: mtoaji ana uhuru wa kumchagua anayempa, anaweza kumpa faru, anaweza kumpa timu ya mpira. Ila mdaiwa hana uhuru huo. Ukiwa na deni la mjane, huwezi kwenda kumpa yatima kiasi kilekile kisha ukasema umeshalipa. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuyatenganisha majina. Kapu likiwa moja, aliyetoa kwa yatima anaonekana amelipa kwa mjane, na jumla iliyo chini ya ukurasa inapendeza.

Mgao unatokana na swali gumu zaidi: dhahabu ni ya nani? Katiba ya Uganda ya 1995 inasema ardhi ni ya wananchi, lakini madini yaliyo ndani yake yako mikononi mwa serikali kwa niaba ya taifa. Kongo ilikwenda mbali zaidi: sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 iliweka udongo na kilicho chini ya udongo mikononi mwa dola. Kwa mtazamo huo, wenyeji wa Durba hawakunyang'anywa dhahabu, kwa kuwa kisheria haikuwa yao. Walichopoteza ni mashamba na nyumba, na hivyo vililipwa. John Locke angewatetea kidogo, kwa sababu kwake mtu hupata mali kwa kuichanganya na kazi ya mikono yake, na wachimbaji wadogo wa kule walikuwa wameshachanganya jasho na udongo ule muda mrefu. Mimi simfuati Locke hadi mwisho, maana kwa hoja hiyohiyo mwenye tingatinga kubwa ndiye anayechanganya zaidi. Naona afadhali kusema hivi: mali ya taifa zima ni mali ya wale wa Durba pia, na wao ndio walio na mzigo wa kukaa karibu na shimo. Mwenye mzigo zaidi apate zaidi ya wale wasio na mzigo. Huo ndio mgao. Si fidia, kwa sababu haulipi hasara fulani. Si zawadi, kwa sababu si mali ya mtoaji.

Sheria za nchi zetu zimeanza kulikubali wazo hili, kila moja kwa mwendo wake. Sheria ya Madini ya Uganda ya mwaka 2003 iligawa mrabaha hivi: asilimia 80 serikali kuu, 17 serikali za mitaa, 3 mwenye ardhi. Nafasi yake imechukuliwa na sheria mpya ya 2022. Tanzania, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na akubaliane na halmashauri, kwa hiyo hata Geita kampuni haiamui peke yake nini kijengwe. Kongo iliirekebisha sheria yake Machi 2018. Mrabaha wa dhahabu ukapanda hadi asilimia 3.5, na ukagawanywa: nusu serikali kuu, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 serikali ya mahali penye mgodi, asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo, kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa ajili ya maendeleo ya jamii, na isaini na wenyeji hati ya majukumu inayoeleza itakachofanya.

Tufanye hesabu ya mfano. Mgodi ukiuza dhahabu ya dola bilioni 1, asilimia 0.3 ni dola milioni 3. Mrabaha wa asilimia 3.5 ni milioni 35, na sehemu ya serikali ya mahali, asilimia 15 ya hizo, ni zaidi ya milioni 5. Angalia vizuri. Fedha zinazopitia serikali ya mahali zinakaribia mara mbili ya zile za miradi ya jamii. Lakini ukienda mahali penye mgodi, popote, utakuta bamba lenye jina la kampuni kwenye darasa, na hutakuta bamba lolote linalosema: darasa hili limejengwa na mrabaha. Mgao hauna bamba. Ndiyo maana watu wanaujua wema wa kampuni kwa sura na jina, na mgao wao hawajui umelala wapi.

Hapo narudi kwa yule wa dawati. Nilisoma shule ya msingi huko kwetu Koboko ambako kisima cha pampu kilikuwa na bamba la mfadhili, si kampuni ya madini, ni shirika ambalo sitalitaja. Pampu ilipoharibika tulirudi kuchota maji ya kijito. Mwalimu mmoja alipendekeza mfadhili aandikiwe barua, na wazee wa kamati wakakataa. Wakasema, mtu akikupa kuku huendi tena kumwomba pumba. Walikuwa watu wa adabu, na adabu yao ilitugharimu muhula mzima wa maji machafu. Hilo ndilo jibu langu. Dawati la zawadi na dawati la deni yanafanana siku ya kufunguliwa shule, waandishi wa habari wakiwapo. Yanaachana siku mguu wa dawati unapovunjika. Aliyepewa zawadi anaona haya; aliyelipwa deni anarudi na risiti. Marcel Mauss, Mfaransa aliyeandika juu ya zawadi mwaka 1925, alieleza kwamba hakuna jamii ambayo mtu hupokea bila kuwajibika kurudisha. Maskini akipokea kutoka kwa kampuni arudishe nini? Hana dhahabu, hana darasa. Anarudisha ukimya.

Deni, kinyume chake, linaweza kubishaniwa. Oktoba 2021 nyumba za watu waliokuwa wakiishi ndani ya eneo la mgodi karibu na Durba zilibomolewa na maafisa wa serikali. Upande wa kampuni ulisema eneo lile lilikwisha lipiwa fidia na watu waliingia baadaye. Wakazi waliona vingine. Sina nafasi ya kuwa hakimu wa kesi hiyo. Ninachoona ni kwamba, ingawa ugomvi ule ni mchungu, ni ugomvi wenye mahali pa kuanzia: nani alilipwa, lini, kwa ramani ipi. Kama yote yangekuwa hisani, yule aliyebomolewa angekosa hata swali la kuuliza.

Cha kushangaza ni kwamba sisi wa West Nile tunaijua lugha ya deni vizuri tunapotaka. Wakimbizi wa Sudan Kusini walipofurika Bidi Bidi, Rhino Camp na Imvepi, na wale wa Kongo walioko Lobule kwetu Koboko, Uganda ilikuwa na kanuni ya 70 kwa 30: katika kila msaada unaoletwa, sehemu ya 30 iwafikie wenyeji. Muulize diwani yeyote wa kata iliyo karibu na kambi, atakuambia asilimia 30 yake imefika ngapi na imebaki ngapi. Vijana wamewahi kufunga barabara kwa sababu yake. Hakuna anayeiita zawadi. Tunawadai kwa sauti kubwa mashirika yaliyokuja kulisha watu wenye njaa, kisha kampuni inayochukua kitu ardhini tunaipigia makofi na kuichezea ngoma. Sijui kama hii ni hasira iliyokosea njia au ni kwamba mashirika hayana walinzi wakali.

Milton Friedman, aliyeandika mwaka 1970 katika gazeti la Marekani kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida yake, angecheka insha hii yote. Meneja, angesema, anatumia fedha za wanahisa; akitaka kutoa sadaka atoe mfukoni mwake, na shule zijengwe na serikali kwa kodi. Wengi darasani humchukia kabla hawajamaliza kumsikiliza. Mimi naona nusu yake inanisaidia. Ikiwa meneja hana ruhusa ya kugawa zawadi kwa fedha za wengine, basi anayo ruhusa, tena amri, ya kulipa madeni kwa fedha hizo, kwa kuwa mwanahisa hana haki ya faida iliyopatikana kwa kutolipa. Nusu inayobaki ndiyo inayoshindwa. Anadhani serikali ipo. Durba iko mbali na Kinshasa kuliko Arua ilivyo mbali na Mombasa, na kodi inayokwenda mbali kiasi hicho si lazima irudi. Mama anayejifungua leo hasubiri serikali irekebishwe.

Hata hivyo kuna hatari ambayo Friedman aliiona na sisi tunaifumbia macho: kampuni ikijenga kila kitu, watu wanajifunza kupeleka malalamiko kwenye geti la mgodi badala ya ofisi ya serikali, na mgodi una mwisho. Kilembe, huko Kasese, shaba ilichimbwa tangu miaka ya 1950, reli ikafika, nyumba za wafanyakazi zikajengwa, hospitali ya mgodi ikawatibu watu wa bondeni. Uchimbaji ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hospitali ikabaki, na mabaki ya shaba yakabaki pia kando ya mto Nyamwamba, na mafuriko ya Mei 2020 yakaikumba hospitali ile. Kampuni iliyotoa huduma haikuwapo tena kuulizwa. Deni linaweza kuandikwa lilipwe hata baada ya mdaiwa kuondoka, kwa amana iliyowekwa mapema. Zawadi huondoka na mtoaji.

Limebaki neno jirani. Nani anadai? Sheria ya Kongo inawajua watu walio karibu na mgodi, na inaishia Aru. Sheria ya Uganda inajua mrabaha wa madini yaliyochimbwa Uganda. Mafuta yanayopita kwenda Kongo hayalipi kodi ya mafuta ya Uganda, kwa kuwa ni shehena ya kupita. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Jumuiya ina sheria ya kupima uzito wa malori ili yasivunje barabara, lakini haina neno kuhusu anayeishi kando ya barabara hiyo. Nikitumia kipimo changu kwa uaminifu, vumbi, ajali na lami inayochakaa kati ya Pakwach na Vurra ni haja zilizoletwa, kwa sehemu, na mgodi ambao haumo katika nchi yetu. Ni deni dogo, lakini ni deni.

Wafanyabiashara wa Arua watanipinga, na wana haki ya kusema. Nyumba za wageni zimejaa, mafundi magari wana kazi, vitunguu na samaki vinavuka hadi Durba, na bila mgodi barabara ya Aru isingepitika wakati wa mvua. Nakubali yote. Lakini biashara ni biashara. Dereva anayenunua rolex kila asubuhi ni mteja mzuri, na siku lori lake linapogonga kibanda, rolex zote alizonunua hazihesabiwi katika bei ya kibanda.

Kama Arua inadai, haina budi kujua inadai kiasi gani, kutoka kwa nani, kwa maana si kila lori linalovuka Vurra ni la mgodi. Mengine ni ya saruji, ya bia, ya mashirika. Hapo hatuhitaji kusubiri bunge wala mahakama ya Jumuiya. Baraza la Jiji la Arua linaweza kumweka mtu barabarani kabla ya kufika forodha, akiwa na daftari, mchana na usiku kwa mwezi mmoja, aandike ni malori mangapi yamepita, yamebeba nini, na yanakwenda kwa nani. Kazi hiyo hata sisi wanafunzi tunaiweza wakati wa likizo.